Moto Nyuma ya Geti

Msusi alikuwa amefika katikati ya kichwa cha mteja wake, katika saluni yake ya chumba cha mbele cha nyumba, pale aliposikia mshindo jikoni, mshindo mzito kama wa mtu anayekung'uta zulia ukutani. Mikono yake ikasimama. Mteja mwenyewe, karani wa shule ya jirani, alikuwa ameketi kwenye kigoda. Upande mmoja wa kichwa umeshasukwa mistari myembamba, na upande wa pili nywele zimesimama wima kama zilizopewa habari mbaya.

"Nini hicho?" karani akauliza.

"Mama!" Msusi akaita badala ya kumjibu. "Mama, umeangusha sufuria?"

Mama mkwe hakujibu, na hapo ndipo moyo wa Msusi ulipolipuka. Tangu mama huyo ahamie kwa mwanawe, hakuwahi kuliacha swali lipite hivi hivi. Ukimuuliza kama ameamka salama, atakuhadithia na ndoto aliyoiota. Msusi akatupa kitana, akaingia ukumbini mbio.

Jiko lilikuwa mwisho wa ukumbi, na chumba cha mama kilikuwa nyuma yake. Ili kutoka chumbani ilimbidi mama apitie jikoni. Mama alikuwa ametoka kupasha maziwa yake. Mpira wa gesi, ule ambao mumewe, Fundi, alikuwa akisema kila siku ataubadilisha kesho, ulikuwa umepasuka karibu na mtungi, na moto ulikuwa ukitoka pale kwa mlio wa nyoka aliyekanyagwa. Pazia la dirisha lilishakwisha. Dari la mbao lilikuwa limeanza kushika moto.

"Mama!"

"Niko huku!" Sauti ilitoka nyuma ya mlango wa chumba. "Nimerudi ndani! Mkono umeungua!"

Msusi alishika ndoo ya maji iliyokuwa kando ya ukumbi. Alipoinua mguu kuingia, joto lilimpiga usoni kama kofi la mzazi, akarudi nyuma mwenyewe bila kutaka. Karani akamkamata kiunoni.

"Dada, hupiti hapo! Utaungua na yeye hutamfikia. Twende nje! Chumba chake hakina dirisha?"

Dirisha lilikuwepo. Karani akauvuta mlango wa jikoni kwa ukingo wa gauni lake, akaufunga, wakatoka nje wakikohoa.

*

Nje watu walishaanza kukusanyika, maana moshi hauhitaji mpiga mbiu. Wa kwanza kufika alikuwa jirani wa mlango wa pili, mama mmoja mnene, mwema sana, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Yarabi! Kwako kunaungua!" akapiga kelele, kana kwamba Msusi alikuwa hajui.

Msusi hakusimama. Alikimbilia uchochoro wa nyuma, kati ya nyumba yake na ukuta wa jirani, mpaka dirishani kwa mama. Vioo vilikuwa wazi. Lakini kati yake na mama mkwe wake zilisimama nondo nene, zimepishana na kuchomelewa kila zilipokutana, zimezamishwa ukutani kwa saruji. Mumewe alikuwa mchomeleaji. Alizitengeneza nondo hizo kwa mkono wake wiki ile mama alipohamia, akazipaka rangi mara mbili, akasema, "Hapa mwizi atakaa mpaka azeeke." Sasa nyuma ya nondo hizo alisimama mama yake mzazi, amevaa gauni la kulalia, ameshikilia mkono wake wa kulia kama mtu aliyebeba ndege aliyevunjika bawa.

"Mkwe wangu," mama akasema, "moshi unaingia chini ya mlango."

Msusi alishika nondo akazitikisa. Hazikutikisika hata kidogo. Akampigia mumewe simu. Ikaita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Alijua Fundi akishawasha mashine ya kukatia vyuma hasikii hata radi.

"Piga zimamoto," karani akasema. Alikuwa amemfuata hadi uchochoroni.

"Zimamoto!" Redio naye alishafika. "Wale? Wale wanakuja bila maji, mwanangu. Halafu wakishazima wanakuletea hati ya malipo, wanachukua mpaka kitanda. Wa kule ng'ambo walilipishwa—"

"Nani alilipishwa?" karani akamkatiza.

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu wanasema," Redio akajibu, sauti ikipungua.

"Sina salio," Msusi akasema, na machozi yakamjia. "Na hiyo namba yao siijui."

"Haihitaji salio. Ni tarakimu tatu tu, zimeandikwa ukutani pale ofisini kwangu, nazitazama kutwa nzima." Karani alikwishapiga kwenye simu ya Msusi. Akaiweka sikioni mwa Msusi.

Haikuita hata mara mbili.

"Huduma za dharura, nakusikiliza. Ni moto, mgonjwa au ajali?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, tulivu, kama ya mtu aliyekaa kivulini.

"Moto! Mama mkwe wangu yuko ndani! Njooni!"

"Tunakuja, dada yangu. Uko wapi?"

"Niko nyumbani!"

"Nyumbani ni wapi?"

Msusi akageuka kuitazama nyumba. Aliishi pale tangu aolewe. Wateja wake walimfuata kutoka kila pembe ya mji, na wote aliwaelekeza vilevile: shuka, uliza saluni, utaonyeshwa. Namba ya nyumba ilikuwepo, kibao kidogo cha bati juu ya mlango wa mbele, na hakukumbuka kama aliwahi kukisoma. Aibu ilimpanda hata katikati ya hofu. Mtu mzima na akili zake, hajui anakaa wapi!

"Usihangaike," sauti ikasema, kana kwamba ilimwona. "Niambie, ukiwa barabara kubwa unaona nini? Shule, mnara, kituo cha mafuta?"

"Tangi! Tangi kubwa la maji la bluu. Mkabala wake kuna duka la magodoro. Unaingia hapo, ni njia ya pili kushoto."

"Vizuri sana. Nimepaona. Kuna mtu anaweza kwenda kusimama kwenye tangi, awapungie mkono?"

Karani alikuwa ameinamisha sikio karibu na simu. Hakusubiri kutumwa. Alitoka mbio, nusu ya nywele zake zikiruka nyuma.

"Ameshaondoka," Msusi akasema. "Basi wahini, nakata simu ili—"

"Usikate! Usikate simu, dada. Gari limeshatoka, na kuongea na mimi hakuwacheleweshi. Wao wanakuja, sisi tunaongea. Moto umeanzia wapi?"

"Jikoni. Gesi."

"Asirudi mtu jikoni, na maji msimwage. Mama yuko chumba gani?"

"Cha nyuma. Namwona, yuko dirishani. Kuna nondo."

"Ana majeraha?"

"Mkono umeungua. Na ana presha."

"Sawa. Naliita na gari la wagonjwa lije pamoja. Sasa nisikilize, umwambie neno kwa neno. Mlango wake umefungwa?"

Ndivyo walivyoanza. Sauti ile ikisema, Msusi akirudia dirishani, na mama mkwe akitii, ingawa si bila mjadala. Aliambiwa achukue shuka aloweshe, azibe chini ya mlango.

"Shuka mpya hizi," mama akasema. "Sijazilalia hata mara moja."

"Mama!"

"Nimesema tu." Akamimina birika zima la maji ya kunywa juu ya shuka zake mpya, akazisukumia mlangoni kwa mguu, akikohoa. Aliambiwa arudi dirishani, aketi chini, uso karibu na upenyo wa hewa. Mkono ulioungua aufunike kwa kitambaa kilicholowa, na asipake kitu.

"Hata dawa ya meno?" mama akauliza.

"Anauliza dawa ya meno," Msusi akasema simuni.

"Hata dawa ya meno, hata mafuta, hata asali. Maji matupu."

Moshi ulikuwa umepungua kidogo mlangoni, lakini juu ya dari ulikuwa ukitafuta njia nyingine, na vipande vyeusi vilianza kuanguka. Msusi akapenyeza mkono kati ya nondo mpaka begani, akaupata mkono wa mama ambao haukuungua. Ulikuwa baridi. Wanawake hawa wawili walikuwa hawajashikana mikono tangu siku ya harusi, na hata siku ile ilikuwa ni kwa ajili ya picha. Mama mkwe alikuwa na lake kila siku: nywele kwenye kapeti, nywele kwenye sabuni, wageni wasiokwisha. Msusi naye alikuwa na lake, ila yeye alilimeza.

"Mkwe wangu," mama akasema kwa sauti ya chini, "kama nisipotoka—"

"Utatoka."

"Ngoja nimalize."

"Sitaki umalize! Vuta pumzi. Ukitoka utamaliza."

"Njia ya kufika kwako inapitika?" sauti ikauliza simuni. "Gari letu ni pana. Kuna magari yameegeshwa? Kuna geti?"

Msusi akakumbuka. Geti. Wizi ulipozidi, wakazi walichangishana wakaweka geti la chuma mwanzoni mwa njia, refu kuliko mtu, na nani mwingine wa kulitengeneza kama si mume wake? Kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Watu wa mitaa mingine walikuja kulipiga picha. Watembea kwa miguu walipita kwenye kijimlango cha pembeni. Geti kubwa lilifungwa kwa kufuli usiku na mchana, na ufunguo ulikaa kwenye mfuko wa mtu mmoja tu.

"Lipo," akasema. "Limefungwa. Ufunguo anao Mwenyekiti, na Mwenyekiti amekwenda msibani, mbali."

"Nashukuru umenieleza. Nawaambia sasa hivi waandae mashine ya kukatia. Upo na mimi?"

"Nipo."

Redio, ambaye kwa dakika hizo alikuwa amekaa kimya kuliko siku zote za maisha yake, alishatoa simu yake. "Mwenyekiti? Weka chini hicho kikombe. Nasema kiweke chini, urudi na ufunguo!"

*

King'ora kilisikika kutoka mbali, kikakaribia, kikawa kikubwa mpaka mabati yakatetemeka. Halafu kikasimama mahali pamoja. Hakikusogea. Kililia pale pale, mwanzoni mwa njia, kama ndama aliyefungiwa nje ya zizi, na Msusi akajua kwamba wamefika getini.

"Mbona hawaji?" mama akauliza.

"Wanakuja."

"Nasikia wamesimama."

"Wanakuja, Mama. Nishike."

Ndipo ikasikika mashine ikiuma chuma. Msusi alikuwa amelala na sauti hiyo masikioni miaka yote ya ndoa yake. Aliichukia ilipomwamsha Jumapili asubuhi. Siku hiyo aliisikia kama wimbo. Kabla haijanyamaza, miguu mizito ilikanyaga uchochoroni, na wanaume wawili na mwanamke mmoja, wenye kofia ngumu na makoti mazito, wakatokea. Hawakuwa wamelisubiri gari. Walipita kwenye kijimlango wamebeba mashine nyingine mkononi.

"Dada, tupishe," mmoja wao akasema, mtu mwenye mvi kidevuni ambaye wenzake walimwita Sajini. "Bibi, habari yako? Geuza uso, jifunike na hilo blanketi, tunakata dirisha."

"Karibuni," mama akasema kutoka ndani, kwa adabu ya mtu aliyepata wageni ghafla.

Nondo za Fundi zilitoa cheche. Zilikuwa ngumu, zilikataa, Sajini akaguna, "Huyu aliyechomelea hapa hakutaka utani." Lakini mwishowe zilikubali, moja baada ya nyingine. Yule mwanamke wa zimamoto akaingia ndani kwa kichwa, na kwa muda mfupi uliokuwa mrefu kuliko mwaka, hakuonekana yeye wala mama. Kisha miguu miwili myembamba ikatokea dirishani, na gauni, na mama mzima, akikohoa, amepakatwa kama mtoto.

Msusi ndipo alipokumbuka kwamba simu bado iko mkononi.

"Ametoka," akasema. "Ametoka! Ametoka!"

"Alhamdulillahi," sauti ikasema, na kwa mara ya kwanza haikuwa tulivu. "Haya dada, sasa uko na wenzangu. Nakuacha, nina simu nyingine inalia."

Ikakatika.

*

Mambo ya getini Msusi aliyajua baadaye, kwa kinywa cha karani. Kwamba karani alisimama chini ya tangi akirusha mikono, na dereva wa zimamoto alimwona kutoka mbali kwa sababu ya kichwa chake. "Waliniambia, 'Dada, hatujawahi kuona alama nzuri hivyo,'" akasimulia, akicheka na kulia kwa pamoja. Kwamba karakana ya Fundi ilikuwa pale pale barabarani, na Fundi alipotoka kuona gari linaelekea wapi, aliona moshi, akatazama simu, akakuta jina la mke wake limejipanga. Kwamba alikimbia nyuma ya gari akiwa na miwani ya kuchomelea usoni, na alipofika getini aliwakuta wamelenga kufuli.

"Si hapo!" alipiga kelele. "Hapo niliweka bamba mbili! Mtakesha! Kateni bawaba, hizi za kushoto, ya juu kwanza!"

"Wewe unajuaje?"

"Nimelitengeneza mimi! Na aliyeko ndani ni mama yangu!"

Walikata alipoonyesha, geti likaanguka kama mti, na gari likapita juu yake. Lilikuwa na maji. Redio aliyaona yakitoka kwenye mpira kwa kishindo, akaziba mdomo kwa kiganja, na inasemekana ilikuwa mara ya kwanza.

Jiko liliteketea, na nusu ya dari la ukumbi. Chumba cha mama kiliingia moshi tu. Saluni haikuguswa, mlango wa jikoni alioufunga karani uliuchelewesha moto muda wa kutosha.

*

Gari la wagonjwa lilikuwa limesimama nyuma ya lile la zimamoto. Walimkalisha mama kwenye kitanda cha magurudumu, wakamwekea hewa puani, wakaanza kumwagia maji mkononi taratibu. Watu walikuwa wamejaa, na wengi walishainua simu wakipiga picha. Mama akalitazama gauni lake. Lilikuwa na kiraka kifuani na limechanika begani, na mama huyu hakuwahi kutoka hata kutupa taka bila kujitanda.

"Mkwe wangu," akanong'ona, "wananiona."

Msusi akavua mtandio wake, akamfunika mabega na kifua, akaufunga vizuri kama anavyofanyiwa mtu anayekwenda harusini. Sajini akawageukia wenye simu. "Kama unapiga picha, basi huna kazi. Kama huna kazi, njoo unishikie mpira huu." Simu zikashuka.

Hapo Fundi akafika, uso mweusi kwa masizi, macho mekundu. Akamshika mama miguu. Kisha akatazama lile gari jeupe, na ndani yake vile vyombo vinavyowaka taa, na Msusi akaona wazo baya likimpita usoni.

"Tumchukulie teksi," Fundi akasema. "Hili gari... kwa kweli, ndugu yangu, sisi watu wa kawaida. Nitalipa nini?"

"Na mimi siingii," mama akadakia, akiivuta ile mipira ya hewa. "Wanaopanda hilo hawarudi. Shoga yangu alipanda, hakurudi."

Mhudumu wa gari, kijana mpole mwenye glavu, akainama mpaka uso wake ukalingana na wa mama. "Bibi, shoga yako alipanda lini? Siku ya kwanza kuugua, au ya mwisho?"

Mama akafikiri. "Walikuwa wamejaribu mitishamba kwanza."

"Ndiyo maana. Watu wakituita sisi mwisho, lawama tunabeba sisi." Akamgeukia Fundi. "Na wewe kaka, hili ni gari la umma. Hapa hakuna anayelipa. Ila teksi haina hewa, na mama yako amemeza moshi. Moshi ni mnafiki. Mtu anaongea vizuri sasa, saa mbili baadaye kifua kinafunga. Nani anajua dawa anazotumia?"

Fundi akamtazama mkewe. Msusi akaona aibu ya pili siku hiyo ikimjia. "Za presha," akasema. "Jina lake sijui."

"Vidonge vidogo vyekundu," mama akasema, "na vikubwa vyeupe ambavyo sivimezi."

"Humezi?" Fundi na Msusi wakauliza kwa pamoja.

"Vinanikaba."

"Umesaidia sana kusema, Bibi," kijana akasema, akiandika kwenye mgongo wa glavu yake. "Nani anapanda na wewe? Nafasi ni ya mtu mmoja."

Fundi alishapiga hatua. Mama akanyoosha mkono ule mzima, akampita mwanawe kama mtu anayepita nguzo, akamshika Msusi.

"Huyu," akasema.

*

Jioni waliketi kwenye benchi la hospitali, mume na mke, watoto, ambao kwa bahati hawakuwapo nyumbani moto ulipowaka, wakiwa wamelala kwa Redio. Daktari alikuwa amewaambia kifua cha mama kinaendelea vizuri, mkono utapona na kovu dogo, wangemweka siku chache wamwangalie. Tangu Msusi alipolisikia hilo alikuwa akicheka kila kitu, hata kibao cha mlango.

Fundi hakucheka. "Nimemfungia mama yangu," akasema. "Mbele nikamwekea geti, nyuma nikamwekea nondo. Adui yake asingeweza kufanya kazi nzuri hivyo."

"Ulimfungia mwizi."

"Mwizi hakuja. Moto umekuja."

Msusi akaamua kumwambia ukweli. "Na mimi nimeishi pale miaka yote hii, nimeulizwa unakaa wapi, nikashindwa. Tumepona kwa sababu mteja wangu anasoma kuta za ofisini kwao. Sasa tufanyeje, tulie? Mama yuko hai, baba watoto. Anamlalamikia muuguzi sasa hivi kuhusu mto. Umemsikia?"

Kwa kweli sauti ilikuwa inasikika hadi ukumbini. Fundi akainamisha kichwa, mabega yakatikisika, na Msusi hakujua kama analia au anacheka mpaka alipoinua uso. Yalikuwa yote mawili.

*

Sajini aliitwa na wakazi mkutanoni wiki iliyofuata. Mwenyekiti alikuwa amekaa mbele, mpole kama aliyenyeshewa. Sajini hakumlaumu mtu. Alisema mwizi anazuiwa, hakuna ubaya, lakini mchana geti liwe wazi, na usiku ufunguo ukae kwa watu kadhaa wanaolala hapo hapo, na wakazi wote wazijue namba zao za simu. Alisema kibao cha nyumba kipakwe rangi kisomeke kutoka njiani. Fundi alisimama mbele ya watu wote akaeleza kwamba nondo za dirisha zinaweza kuwekewa bawaba na komeo la ndani, mwizi asione, mtoto aweze kufungua, na kwamba kila nyumba aliyoifungia nondo angeirudia, na kwa mtaa huu hangedai chochote.

Kuhusu namba ya dharura, hapakuwa na haja ya matangazo. Redio alikuwa ameshafika kila mlango. "Haihitaji salio!" alikuwa akiwaambia watu, akiwagongea hata waliokuwa wanakula. "Wana maji! Nimeyaona kwa macho yangu! Na asikwambie mtu kuna malipo. Nani kasema? Watu gani?"

Karani alikuwa amemaliziwa nywele zake siku ya tatu baada ya moto, na Msusi akakataa kupokea hata senti.

*

Mama aliporudi nyumbani, mkono umefungwa bandeji nyeupe, jambo la kwanza aliomba simu.

"Unampigia nani, Mama?" Msusi akauliza.

"Yule binti. Nimsalimie. Namba yake ninayo kichwani, tarakimu tatu tu."

Msusi akaruka akaishika simu. "Mama, hiyo si ya salamu! Ukipiga wewe kumsalimia, mwenye moto anamkosa."

Mama akatafakari. Alikuwa mtu wa haki. "Basi twende kwake."

Wakaenda, asubuhi moja, wote wawili, mama amevaa gauni lake zuri na ule mtandio wa Msusi ambao hakuwa ameurudisha, wala Msusi hakuwa ameuuliza. Kituo cha zimamoto kilikuwa jengo la kawaida lenye milango mipana. Sajini aliwapokea, akawapandisha ngazi mpaka chumba kidogo chenye feni na simu kadhaa mezani. Alikuwemo mwanamke mmoja mfupi, mwenye miwani, sweta begani, anakunywa chai. Msusi hakumjua. Lakini mwanamke aliposema, "Karibuni, niwasaidie nini?" Msusi alisimama pale pale mlangoni. Angeitambua sauti ile hata kaburini.

"Mimi ni yule wa tangi la bluu," akasema.

Mwanamke akaweka kikombe chini polepole. Akamtazama Msusi, kisha akamtazama mama, mkono wenye bandeji, akarudi tena usoni.

"Uliniambia ametoka," akasema. "Halafu nikakata. Unajua, sisi hapa huwa hatujui mwisho. Mtu analia sikioni mwangu, namshika, namshika, halafu simu inakatika, inaingia nyingine. Naenda nyumbani napika nikijiuliza: yule bibi wa shuka mpya, je? Alipona?"

Mama mkwe akamsogelea. Akamvua miwani kwa mkono ule mzima, taratibu, akamfuta machozi kwa ncha ya mtandio, kisha akamrudishia miwani yake usoni na kuinyoosha.

"Haya, nitazame vizuri," akasema. "Mwisho wenyewe ndio huu, umesimama mbele yako, na unataka chai."